"Mbona mwanangu hachezi na wenzie?"

Haipiti wiki bila mama mmoja kunisimamisha getini, "Madamu, huyu wangu mbona hachezi na wenzie, anakaa nao tu?" Mi nalea watoto kituoni hapa Ujiji mwaka wa tisa sasa, malezi ya awali ndo nimesomea, na swali langu huwa moja, ana umri gani? Miaka miwili na nusu? Basi anacheza nao sana tu, we ndo hujaona.

Njoo asubuhi ukae chini ya mwembe wetu. Utakuta wawili kwenye rundo la mchanga wamepeana mgongo, kila mtu na kopo lake, hawasemeshani kabisa. Ila huyu akianza kugonga kopo na kijiko hazipiti dakika mbili mwenzie naye anagonga, huyu akijimwagia mchanga kichwani yule naye anajimwagia (wamama mliosuka wanenu jumapili, poleni). Huo ndo mchezo wa sambamba. Mmarekani mmoja, Mildred Parten, alitazama watoto wa shule ya awali wakicheza na mwaka 1932 akaandika aina alizoziona, kuna anayecheza peke yake, kuna anayetazama tu, kuna wa sambamba, mpaka wale wakubwa kidogo wanaojipikilisha na kupangiana we baba we mgeni. Sio ngazi lakini, hata wa miaka mitano kuna siku anataka kuwa peke yake. Na maneno yakiwa bado machache, kuigana ndo maongezi yenyewe, nikikuiga maana yake nimekuona, endelea.

Sasa twende kwenye ugomvi. "Yangu!" (kopo ni langu, ila sarufi itakuja). Mtoto anaanza kujijua kwenye kioo kwenye mwaka mmoja na nusu, miwili hivi, na kabla hajajua kuna mimi hawezi kujua kuna changu, kwa hiyo hiyo kelele sio uchoyo, ni akili inakua. Huku kwetu mtoto kula peke yake ni aibu ya ukoo mzima, naelewa, ndo maana tunamnyang'anya fasta, "mpe mwenzio!" Ila yeye alichokiona hapo ni kwamba mwenye nguvu anachukua, na kesho anamfanyia mdogo wake. Mi nachuchumaa namwambia mwenzio anasubiri, ukimaliza utampa, halafu nasubiri kweli, na kile kinachogombaniwa sana nahakikisha kiko zaidi ya kimoja. Anayeuma wenzie namtoa, namtuliza aliyeumwa kwanza, halafu namfundisha muumaji neno moja tu, "nipe". Mara nyingi anauma kwa sababu hilo neno hana.

Huruma nayo inaanza mapema, ila ina vituko. Juzi kuna wa kiume alilia, mama yake alimuacha akawahi dagaa mwaloni Kibirizi. Wa kike mmoja, hata miaka miwili hajafika, akaenda kuleta kipande cha kanga anacholalia yeye, akambandika nacho usoni. Kwake yeye kinachomtuliza kinatuliza watu wote, kujua kwamba mwenzio anawaza tofauti bado sana, hiyo inakaa sawa kwenye miaka minne hivi. Yule akakitupa kwa hasira. Binti akakiokota, akakikung'uta mchanga, akambandika tena.