Hakuna kobe aliyewahi kuhama

Wiki iliyopita nimetumiwa picha nyingine. Gamba tupu la kobe, limeokotwa shambani, na chini yake swali: "Dokta, mwenyewe atakuwa kahamia wapi?"

Hajahamia popote, maana gamba si nyumba ya kobe. Kafa. Nyama imeliwa na siafu na wengineo, na ulichookota ni mgongo wake na mbavu zake. Ni sawa na kuokota fuvu la mbuzi ukauliza mbuzi kaenda wapi bila kichwa. Wanaohama ni wale kaa wa pwani wanaoingia kwenye makombe ya viumbe wengine. Hata konokono hahami, ila tumemsingizia yeye pia.

Mezani kwangu nina gamba lililokatwa kwa msumeno, kutoka shingoni hadi mkiani. Ukiligeuza upande wa ndani unauona uti wa mgongo umelala darini kama boriti, pingili kumi, na mbavu zimetoka kulia na kushoto kama makombamoyo, zimeshikana na gamba lenyewe. (Naam, nimesema gamba si nyumba, kisha mwenyewe nimerudi kwenye mfano wa nyumba. Nisameheni.) Juu ya mfupa vimepangwa vigae vya kitu kile kile kilichofanya kucha zako, na maungio yake hayaangukii juu ya maungio ya mifupa, kama fundi mzuri anavyopishanisha matofali. Gamba la tumboni nalo ni mfupa, na ndani yake imo mitulinga.

Kwa hiyo anayelitoboa kwa drili ili amfunge kobe kamba anatoboa mfupa ulio hai, wenye damu na mishipa ya fahamu. Sina la kuongeza hapo.

Sasa jipapase mgongoni. Kombe la bega lako liko nje ya mbavu. La ng'ombe liko nje, la njiwa nje, la mjusi nje. La kobe liko ndani. Wanafunzi wangu hukariri hili kwa mtihani bila kushtuka, nami huwa nataka washtuke. Bega limeingiaje kifuani? Jibu limo kwenye kiinitete, kobe angali ndani ya yai: mbavu zake hazipindi kushuka kukizunguka kifua kama zetu. Zinanyooka kwenda pembeni, zikiifuata ngozi ya mgongo, mpaka zinapita juu ya bega na kulifunika. Bega halikuhama. Mbavu ndizo zilizolipita.

Nikishafika hapo, daima kuna mmoja atakayesema: "Sawa ni mifupa, lakini mageuko ya viumbe yalimpa ngao." Hapo ndipo ninapochoka.

Mageuko hayampi mtu kitu kwa ahadi ya faida ya baadaye. Mchukue Eunotosaurus wa Karoo, Afrika Kusini, mtambaazi anayedhaniwa kuwa ndugu wa kale wa kobe, aliyeishi miaka milioni 260 hivi iliyopita na kupewa jina na mtaalamu wa visukuku Seeley mwaka 1892. Ana jozi tisa za mbavu pana mno, karibu zigusane. Gamba hana. Shingo wazi, tumbo wazi. Ngao gani hiyo? Na gharama yake si ndogo: mjusi hupumua kwa kupanua mbavu, na hukimbia kwa kupinda kiwiliwili huku na huku. Mbavu zikiwa pana hivyo, yote mawili yanakuwa shida. Kobe wa leo, ambaye mbavu zake hazisogei kabisa, anapumua kwa misuli iliyojificha nyuma ya miguu na tumboni. Mnyama hawezi kulipa bei hiyo kwa ajili ya ngao ambayo itakamilika baada ya mamilioni ya miaka. Lazima mbavu zile zilikuwa na kazi siku ile ile. Mtafiti Lyson na wenzake walipendekeza mwaka 2016 kwamba kazi ilikuwa kuchimba: kiwiliwili kigumu kinatulia wakati mikono yenye nguvu inafukua. Mimi nakubali, kwa kiasi kikubwa.

Kwa kiasi, kwa sababu kobe mwingine wa kale, Odontochelys, ananinyima raha. Alitangazwa mwaka 2008 kutoka Guizhou, China, aliishi miaka milioni 220 iliyopita, ana meno, na gamba la tumboni limetimia wakati mgongoni ana mbavu pana tu. Na alizikwa kwenye matope ya bahari. Mchimbaji aliyeingia majini? Huenda. Wapo pia wenzangu wasiomtambua Eunotosaurus kama ndugu wa kobe hata kidogo, na hoja zao si za kubezwa. Mimi mwenyewe nilifundishwa kwamba kobe ni tawi la kale kabisa la watambaazi, kwa kuwa fuvu lake halina matundu nyuma ya macho, nami nikalifundisha hilo miaka kadhaa kwa kujiamini. Vinasaba sasa vinamweka karibu na mamba na ndege. Yaani ndugu yake ni kuku.

Na kuficha kichwa kulikuja baadaye. Proganochelys, kobe wa kale wa Ujerumani, wa miaka milioni 210 hivi iliyopita, ana gamba kamili juu na chini lakini hakuweza kukivuta kichwa ndani. Kasa wetu wa baharini hawezi mpaka leo. Ukimwona kobe kainama anatunga sheria, jua basi kwamba ni ufundi wa juzi.

Kama bado mnashikilia ngao, nendeni mkamtazame yule kobe bapa wa kwenye mawe, anayepatikana hapa Tanzania na Kenya. Gamba lake ni jembamba, linabonyea, na mifupa yake ina mapengo hata akiwa mtu mzima. Akitishwa hajikunyati. Anakimbia, tena vizuri, anajipenyeza kwenye ufa na kujikaza humo kwa miguu.

Yule wa picha nilimwomba aligeuze gamba, maana la chini lilikuwa limeshavunjika, aniambie anaona nini ndani. Kimya. Baada ya saa nzima akajibu: "Nitakutumia jioni, dokta. Kuku anatagia humo."