Chaja ya kulaza simu: yanayosemwa Tanga na ukweli wake

Kwa mafundi simu wa Ngamiani siku hizi, katikati ya makava na vioo vya kubandika, utaona visahani vyeusi vya mviringo. Ni chaja za wayalesi: unailaza simu juu, inachaji. Nimekaa sana kwenye benchi la fundi mmoja pale, na ubishi niliousikia juu ya visahani hivyo haupungui ule wa Simba na Yanga.

"Ile haina waya."

Ina waya, umehama tu. Umetoka kwenye simu ukaenda kwenye kisahani, nacho kinachomekwa ukutani kama chaja nyingine. Ndani yake kuna koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa duaradufu, na nyuma ya simu kuna koili nyingine. Umeme wa koili ya chini hugeukageuka zaidi ya mara laki moja kwa sekunde, unazaa uga wa sumaku, na uga huo unaamsha umeme kwenye koili ya simu. Michael Faraday alilionyesha jambo hili mwaka 1831, na transfoma iliyoko kwenye nguzo ya mtaani kwenu hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Uga huo hufaa kwa umbali wa milimita chache tu. Ukiinyanyua simu uiweke sikioni, chaji imekata; mwenye waya anaendelea na soga zake.

"Simu yoyote ukiilaza inajaa."

Isiyo na koili utailaza mpaka Idi. Simu nyingi za bei ya chini hazina. Zilizo nayo kwa kawaida hufuata mfumo wa pamoja wa kuchaji bila waya uitwao Qi, unaotamkwa "chi". iPhone ziliingia humo mwaka 2017.

"Inaua betri."

Hapa ndipo penye ubishi mkubwa, na kila upande una chembe ya haki. Betri ya lithiamu adui yake ni joto, liwe limetoka kwenye waya au kwenye kisahani. Ila kisahani hupoteza umeme mwingi zaidi njiani, hasa simu ikilazwa upandeupande na koili zisikutane, na umeme uliopotea hugeuka joto papo hapo mgongoni mwa simu. Sasa weka hilo ndani ya chumba cha bati, Februari, saa nane mchana. Apple husema simu zake zisitumiwe pakizidi nyuzi 35, na chumba hicho kinaweza kuwa kimeshafika huko kabla hujachomeka kitu.

Yangu niliilaza dirishani, jua la jioni likaihamia. Niliporudi nilikuta asilimia 41 na ujumbe kwamba imesimamisha kuchaji mpaka ipoe. Nilikasirika, kumbe ilikuwa inajiokoa. Kuchaji usiku, kava nene limetolewa, mbali na godoro, kunapunguza sana tatizo. Chaja za Qi2, toleo jipya la Qi lililotoka mwaka 2023, zina sumaku inayoikamata simu mahali pake ili koili zikae sawa. Wenye waya nao wasijitape: chaja ya wati 65 huipasha simu vilevile.

"Waya ndio wenye uhakika."

Kwa mwendo, sawa. Visahani vingi hutoa wati 5 hadi 15, na waya huweza kutoa mara mbili, tatu ya hizo. Umeme ukirudi nusu saa tu, chomeka.

Lakini sisi tunaishi na bahari. Siku moja alifika mzee mvuvi kutoka eneo la Deep Sea, hapahapa Tanga. Tulipomaliza shikamoo na marahaba akamwambia fundi, "Mwanangu, chaja mpya, waya mpya, na bado haiingizi chaji." Fundi alimulika tundu la chaji akanionyesha: pini za ndani zilikuwa na ukijani. Unyevu wa chumvi ukikutana na umeme hula chuma taratibu. Alipiga mswaki na spiriti, ikakubali, ingawa alimwonya kwamba safari ijayo huenda ikawa ya kubadilisha tundu lenyewe. Kisahani hakihitaji tundu hilo la simu. Hata tundu likilowa, simu yenye koili huweza kulazwa, mradi mgongo wake uwe mkavu.

"Inakula LUKU."

Betri ya mAh 5000 hubeba kama saa-wati 19. Tuseme kisahani kinapoteza saa-wati 8 zaidi ya waya kila usiku. Uniti moja ni saa-wati 1000, kwa hiyo kwa mwaka mzima ni kama uniti 3. Pasi huzimaliza kwa saa chache.

"Mionzi yake ina madhara."

Ni uga wa sumaku wa karibu sana, si mionzi ya eksirei. Anayepaswa kujihadhari ni mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo: Apple humshauri aiweke iPhone inayochajiwa hivyo zaidi ya sentimita 30 kutoka kifuani.

"Kikikataa, kibovu."

Kijana mmoja alikirudisha chake kwa hasira: kinawakawaka taa, hakichaji. Fundi alivua kava. Ndani mlikuwa na sarafu ya mia mbili (kisahani chenye kinga kikihisi chuma hugoma, chuma hicho kisije kikapata moto) na kadi ya benki ambayo utepe wake wa sumaku ungeweza kuharibika. Noti ya elfu tano iliyokuwa pamoja navyo ndiyo pekee haikuwa na kosa.