Breka ya DP haikukingi na shoti bafuni

"Nimefunga breka ya DP, shawa ya umeme haiwezi kunipiga." Hapana. Breka ya DP (double pole, yaani ya nyaya mbili) inakata waya wa moto na nyutro kwa mkupuo mmoja, basi. Umeme ukipita mwilini mwako kwenda ardhini, yenyewe haina habari.

Vipimo kwanza, haraka. Shawa ya wati 5500 kwenye volti 230 inavuta kama ampea 24. Waya wa shaba wa milimita za mraba 6, breka ya ampea 32, na swichi ya DP ya ampea 45 kama ile ya jiko, nje ya bafu. Swichi ya ampea 20 ni ya hita ndogo ya tangi, hapa itaungua.

Sasa kinachoniudhi. Breka C32 (ya ampea 32, aina C) hujikata papo hapo umeme ukifika kati ya ampea 160 na 320. Nondo ya athi (chuma kilichochimbiwa ardhini) kwenye udongo mkavu ikiwa na ukinzani wa omu 50, gamba la shawa likigusana na waya wa moto zitapita ampea 4.6 tu kwenda ardhini. Breka itakaa imetulia wiki nzima, na gamba lina umeme. Mtu anauawa na miliampea makumi kadhaa. Kinachoiona hitilafu hiyo ni RCD ya miliampea 30, inayolinganisha umeme unaotoka kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro.

Tatizo, breka ya DP na RCD ukiviweka kwenye DB (kisanduku cha breka) vinafanana kama mapacha: upana uleule, nyaya mbili ndani, mbili nje. Soma usoni. Kilichoandikwa C32 bila kitufe cha T ni breka. RCD ina T (kitufe cha kuijaribu), na imeandikwa 30mA au 0.03A. Nayo ikiwa peke yake hailindi waya usizidiwe mzigo, kwa hiyo funga vyote viwili. Nyutro ya shawa itoke kwenye RCD yenyewe. Ukiichomeka kwenye baa ya nyutro ya saketi nyingine, RCD itaanguka (itajikata) mara tu ukifungua maji, halafu utailaumu kwamba ni mbovu.

DP ina kazi gani basi? Laini ya nje ikiunganishwa kinyume, breka ya waya mmoja inakata nyutro na kuiacha koili (kipande kinachopasha maji) na umeme huku umezima. DP inakata vyote. Chomeka testa kwenye soketi ya pini tatu: ukiitazama, iwake tundu la kulia tu. Polariti (moto na nyutro kila moja mahali pake) ikiwa sahihi, mafundi wanabishana kama DP ni lazima kwenye breka au swichi inatosha. Mimi naona swichi inatosha.

Na video za Marekani ziacheni. Kule DP inashika nyaya mbili za moto, volti 120 kila mmoja, 240 kati yao. Na 30 iliyoandikwa kwenye kila kishikio cha breka hiyo haifanyi ampea 60.

Kuna jambo moja halinyooki. Shawa nyingi zina koili wazi ndani ya maji. Kwa maji ya chumvi ya kisima, umeme huvuja hata kama hakuna kilichoharibika, RCD inaanguka kila asubuhi, mwishowe fundi anaombwa aiondoe. Asiiondoe. Ibadilishwe shawa, ifungwe yenye koili iliyofunikwa ndani ya bomba la chuma.