Je, wajua kwa nini panya wa shinikizo la damu hutumika kuchunguza ADHD?

Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha kwamba mtoto ana ADHD, ile hali ya kushindwa kutuliza akili, kuhangaika na kukurupuka kuliko wenzake wa umri wake. Daktari huwauliza wazazi na walimu. Sasa panya, asiye na mwalimu wala daftari, hujulikanaje?

Hupewa mtihani. Ulio maarufu ulibuniwa Cambridge, Uingereza, miaka ya 1980. Panya huwekwa kwenye kisanduku chenye matundu matano ukutani. Anasubiri kama sekunde 5, kisha taa inamulika ndani ya tundu moja kwa nusu sekunde tu. Akichomeka pua humo, punje ya chakula inadondoka upande wa pili. Akikosea tundu, umakini ulimtoka. Akichomeka kabla taa haijawaka, amekurupuka: chakula hapati na kisanduku kinatiwa giza. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, kweli kabisa! Darasani makosa hayo mawili huitwa utundu tu, lakini hapa kila moja linahesabiwa peke yake.

Panya anayetajwa zaidi ni SHR, kifupi cha Kiingereza cha panya ambaye shinikizo lake la damu hupanda lenyewe. Okamoto na Aoki walimtangaza mwaka 1963 huko Kyoto, Japani, baada ya kuzalisha panya wenye shinikizo la juu la damu kizazi hadi kizazi. Utukutu ulikuja kama nyongeza isiyotarajiwa. Mtafiti Terje Sagvolden wa Oslo, Norwe, ndiye aliyempigia debe sana, akisisitiza kwamba purukushani zake huzidi akishazoea mahali. Walimu wengi wanamjua mtoto wa namna hiyo: siku ya kwanza mpole, wiki ya pili hashikiki.

Wengine wakapitia kwenye jeni. Mwaka 1996, maabara ya Marc Caron katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ilitangaza panya wa jamii ndogo (mouse kwa Kiingereza) wasio na protini inayozoa dopamini, kemikali ya kupashana habari ubongoni, baada ya kutumika. Walikimbia huku na huko bila kuchoka. Mwaka 1999 ikaonekana kuwa dawa za kuchangamsha, ikiwemo ile iliyomo kwenye Ritalin, zinawatuliza. Hapo ndipo penye utamu, kwa sababu dawa hiyo hufanya kazi hasa kwa kuiziba protini ileile ambayo wao hawana! Basi nini kinawatuliza? Watafiti wakaelekeza kidole kwa serotonini, kemikali nyingine ya ubongo.

SHR naye ana doa. Amezoeleka kulinganishwa na nduguye wa ukoo wa Wistar-Kyoto, ambaye ni mzito wa kujishughulisha kiasi kwamba maabara nyingine humtumia kuchunguza sonona. Ukisimama karibu na mzembe, hata wewe utaonekana mtukutu. Kwa hiyo wapo wanaodai alinganishwe na panya wa koo nyingine pia. Na kwa kuwa shinikizo lake hupanda kadiri anavyokua, watafiti wengi humpima angali mdogo, katika wiki zake za mwanzo.