Alamu ya gari inalia yenyewe usiku? Usikate waya kwanza

Wiki iliyopita saa kumi na moja alfajiri napigiwa simu na mama mmoja wa Igogo hapa Mwanza, sauti imechoka kabisa, "fundi mwanangu, gari imelia mara nne usiku huu, majirani hawajalala, njoo uikate hii kitu." Igogo mnaijua, nyumba ziko juu ya mawe na gari inabaki chini barabarani, kwahiyo kila ikilia mama anashuka gizani na rimoti mkononi, anaizima, anapanda, hajafika mlangoni inaanza tena. Nikamwambia mama, asiguse mtu hata waya mmoja, nakuja.

Naogopa sana habari ya kukata waya. Nimeshaletewa gari Buzuruga inavutwa kwa kamba, mtu alikata fungu zima chini ya usukani, alamu ikanyamaza kweli lakini na gari ikagoma kuwaka, maana humohumo zilipita waya za imobilaiza. Watu wengi wanachanganya hivi vitu viwili. Alamu kazi yake ni kupiga kelele, imobilaiza kazi yake ni kuzuia injini isiwake mpaka itambue chipu iliyo ndani ya ufunguo, na chipu ya ufunguo wa kuchomeka haitumii betri, inapata nguvu kutoka kwenye koili iliyozunguka pale unapochomeka. Ndo maana betri ya rimoti ikifa gari bado inawaka. Ile taa nyekundu inayokonyeza taratibu kwenye deshibodi gari ikiwa imezimwa sio ubovu, ni ulinzi upo kazini. Ila ukiwasha swichi na bado inakonyeza na injini haiwaki, hapo ufunguo haujatambulika, na huo ni ugonjwa mwingine kabisa.

Sasa turudi kwenye kelele. Alamu ya kiwandani haina akili ya kujua mwizi ni nani, inasubiri taarifa kutoka kwenye swichi za milango, ya buti na ya boneti, swichi moja ikisema "nimefunguliwa" wakati gari imelokiwa basi honi inaanza. Kwahiyo kazi ya fundi ni kutafuta swichi gani inadanganya. Milango ni rahisi, weka swichi ya taa ya ndani kwenye DOOR, fungua mlango mmoja mmoja uangalie kama taa inawaka na inazima, ukikuta mlango umefunga vizuri lakini alama ya mlango kwenye deshibodi inawakawaka umeshampata.

Mimi nikiitiwa tatizo hili naanza na boneti. Ile swichi mara nyingi ipo kwenye loki yenyewe, mbele kabisa nyuma ya grili, yaani vumbi lote la barabarani linaishia pale, halafu mtu anapeleka gari kuoshwa anamwambia kijana piga presha mpaka kwenye injini, maji yanaingia kwenye soketi yanakaa, pini zinaota kutu ya kijani. Chomoa soketi, weka mita ya umeme kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani, gusisha kwenye zile pini mbili za upande wa loki, kisha sukuma ulimi wa loki kwa bisibisi kama vile boneti imefungwa. Mita lazima ibadilike, ama kutoka karibu na sifuri kwenda wazi, yaani umeme haupiti, ama kinyume chake, inategemea gari, ila cha muhimu ibaki imetulia hata ukitikisa waya. Na tafadhali ukimaliza vuta ile nyaya ya kufungulia boneti ulimi urudi juu kabla hujafunga, ukisahau boneti haitashika na unaweza kupinda kitu.

Betri ya gari nayo usiidharau. Ipime asubuhi gari ikiwa imelala usiku mzima, volti 12.6 imejaa, 12.2 ipo kama nusu, chini ya 12 imekwisha, na umeme ukishuka bodi ya alamu inaweza kuchanganyikiwa ikalia bila mtu kugusa gari. Hata ukichomoa terminali ukairudisha, gari nyingi zinalia palepale, usishtuke, fungua kwa rimoti au washa injini itanyamaza. Gari za Ulaya baadhi zina king'ora chenye betri yake ndani, hiyo ikizeeka kinalia chenyewe na dawa ni kubadili king'ora.

Kwa yule mama betri ilikuwa 12.5, milango mizima, ila kwenye boneti nilipotikisa waya mita ikawa inaruka hovyo. Nikamuuliza, mama uliosha injini lini? Akasema juzi. Nikasafisha pini kwa spreyi ya kontakti, nikakausha, usiku ule ikalia mara moja tu, kesho yake nikaona hapana, swichi yenyewe imeshaingia maji, tukatafuta loki yenye swichi nzima tukafunga. Toka siku hiyo kimya.

Jana kanipigia tena, safari hii saa mbili asubuhi, anauliza kama anaruhusiwa kuosha injini. Nikamwambia futa kwa kitambaa chenye unyevu mama, na pale mbele kwenye loki mwambie kijana asielekeze presha kabisa.