Je, wajua kwa nini dirisha huzibwa ili paa lisiruke?

Kila Agosti na Septemba picha zilezile hurudi kwenye taarifa ya habari: watu wa Florida wakipakia plaiwudi kwenye pikapu, kisha wakiifunga madirishani kabla kimbunga hakijafika. Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu langu tayari. Wanalinda vioo. Kioo ni ghali, vipande vyake hukata watu, na mvua ikiingia inalowesha makochi.

Jibu hilo si la uongo, ila limeishia njiani. Plaiwudi ya dirishani hulinda paa.

Nililikosa kwa sababu nililelewa na agizo lililo kinyume chake. Nyumbani, nje kidogo ya Kisumu, upepo wa mvua ukianza kuvuma kutoka ziwani babu alikuwa akipaza sauti: "Fungueni madirisha, upepo uingie upite!" Ukinyimwa njia, alisema, utang'oa nyumba. Tulifungua. Mapazia yalipanda mpaka kwenye kenchi, mabati yakaanza kupiga makofi, nasi tukadhani kelele ile ndiyo dalili kwamba dawa inafanya kazi.

Babu hakuwa peke yake. Huko Marekani kwenyewe watu walishauriwa kwa muda mrefu wafungue madirisha tornado, ule upepo wa nchi kavu unaozunguka kama faneli, ikikaribia. Hoja ilikuwa kwamba mgandamizo wa hewa nje hushuka ghafla, hewa iliyofungiwa ndani ikabaki na nguvu, na nyumba ikapasuka kama puto. Hoja tamu, lakini nyumba si puto. Nunua pakiti ya krispi Mombasa uifikishe Nakuru: itakuwa imevimba, kwa sababu haina pa kupumulia. Nyumba inapumua chini ya mlango, kwenye fremu, pale ukuta unapokutana na bati. Kimbunga Andrew kilipoingia kusini mwa Florida tarehe 24 Agosti 1992, mgandamizo katikati yake ulikuwa milibari 922, ilhali kawaida ya usawa wa bahari ni 1,013. Inatisha, mpaka ukumbuke kwamba Kisumu, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, huishi na takriban 890 kila siku, na hatujaona ukuta ukipasuka kwa ajili hiyo.

Basi paa huruka kwa nini? Chukua mfuko mtupu wa unga wa kilo mbili, ushike mdomo wake, upulize. Unajaa na kusukuma pande zote kwa pamoja, pamoja na ile iliyo mbali na mdomo wako. Hivyo ndivyo inavyokuwa kioo kikivunjika upande unaopigwa na upepo: hewa inaingia kwa kasi, haipati pa kutokea, inasukuma kuta na paa kutoka ndani. Wakati huohuo upepo unaopita juu ya paa unalifyonza. Bati linasukumwa kutoka chini na kuvutwa kutoka juu, na kilichobaki kulishika ni misumari tu.

Kanuni za wahandisi wa Marekani huchukulia kwamba msukumo wa ndani huwa karibu mara tatu zaidi nyumba ikiwa na tundu kubwa upande wa upepo kuliko ikiwa imefungwa. Tupige hesabu ya kwetu. Upepo wa kilomita 80 kwa saa ukiipata nyumba iliyofungwa, msukumo wa ndani ni kama kilo 5 au 6 kwa kila mita ya mraba ya paa. Dirisha likiwa wazi upande huo, ni kama kilo 17. Bati la geji 30 lenyewe halifiki kilo 3 kwa mita hiyo. Hizo ni namba za kusanifia majengo. Nyumba yenye mianya mingi chini ya paa haitazifuata sawasawa.

Na babu? Alikuwa na nusu ya ukweli. Toboa kitako cha mfuko ule, upulize tena: haujai vile. Tundu upande wa nyuma hupunguza msukumo kweli. Taabu ni kwamba kimbunga kinapopita upepo hugeuka, na jicho lake, yaani kitovu chake kilichotulia, likikupitia juu, upepo unarudi kutoka upande wa pili. Dirisha uliloliacha wazi kwa hekima asubuhi ndilo mdomo wa mfuko mchana.

Plaiwudi yenyewe haina maajabu. Kanuni huruhusu unene wa kuanzia milimita 11, ingawa wengi hupendelea 16. Hukatwa mapema ikazidi tundu kila upande, hutobolewa, kisha hufungwa kwa skrubu kwenye ukuta au mbao za nyumba, si kwenye fremu ya dirisha. Kila kipande huandikwa namba na jina la dirisha lake, maana hakuna anayetaka kubahatisha upepo ukiwa umeshaanza. Selotepu ya msalaba kwenye kioo haisaidii. Huweza hata kukifanya kivunjike vipande vikubwa zaidi.

Kimbunga cha aina hiyo hatukitarajii hapa. Hujikunja kwa msaada wa mzunguko wa dunia, na msaada huo hupotea karibu na ikweta, ile inayopita Maseno. (Kuna kimoja kilichokaidi: Vamei, Desemba 2001, kama digrii moja na nusu tu kaskazini ya ikweta, karibu na Singapore.) Lakini mfuko wa unga hauulizi upepo umetoka wapi, na dhoruba za ziwani hung'oa mabati kila msimu.

Kwa hiyo nilimwendea fundi mmoja Kibuye anikatie kipande cha dirisha la sebule, lile linalotazama ziwa.

"Mbona usiweke tu grili?" akauliza.

"Grili inazuia mwizi, fundi. Upepo haizuii."

Alinitazama kidogo, akachukua futi yake. Kipande kiko nyuma ya kabati, kimeandikwa SEBULE 1, JUU, na mshale. Kimefungwa dirishani mara mbili. Siku nyingine mke wangu hukianikia omena.