Je, ni vidole vilivyokatika vilivyomfanya Tony Iommi alegeze nyuzi za gitaa?

Ukiwauliza wapenzi wa roki sauti nzito ya Black Sabbath ilitoka wapi, wengi watakujibu hivi: Tony Iommi, mpiga gitaa na mtunzi wa bendi hiyo, alikatwa ncha za vidole viwili kiwandani, akashindwa kukandamiza nyuzi zilizokazwa kawaida, akazilegeza, na kulegea huko ndiko kulikozaa hevi metali. Ni simulizi tamu na rahisi kuikumbuka. Ila tarehe zake hazikubali.

Ajali ilitokea mwaka 1965. Albamu ya kwanza ya Black Sabbath ilitoka Ijumaa, tarehe 13 Februari 1970, na ya pili, Paranoid, ikatoka Septemba mwaka huohuo. Albamu zote mbili zilirekodiwa gitaa likiwa limetyuniwa kawaida, uzi mnene kabisa ukiwa kwenye noti ya E. Huhitaji kuamini neno la mtu. Chukua gitaa lililotyuniwa kawaida, weka "War Pigs", upige uzi wa sita bila kubonyeza chochote: utaikuta noti ileile inayofungua wimbo. Kisha weka "Children of the Grave", kutoka albamu ya tatu, Master of Reality, ya Julai 1971. Hapo uzi wako wa sita hauifikii noti ya chini kabisa, hata ufanye nini. Iommi alikuwa ameshusha gitaa zima kwa nusutoni tatu, yaani hatua tatu kati ya zile ndogo kabisa zinazotenganisha noti za gitaa.

Kwa hiyo kati ya jeraha na nyuzi kulegezwa studioni kuna takriban miaka sita, na ndani ya miaka hiyo alishapiga mamia ya maonyesho na kurekodi albamu mbili ambazo watu bado wanazitaja kama mwanzo wa hevi metali. Kama vidole ndivyo vilivyodai nyuzi zilegee, alipigaje miaka yote hiyo?

Jibu ni kwamba tatizo la vidole alilitatua kwa njia nyingine, na njia hiyo inastahili kuelezwa kwa utulivu kuliko simulizi yenyewe.

Kijana mashoto wa Aston

Iommi alizaliwa Birmingham, Uingereza, tarehe 19 Februari 1948, akakulia mtaa wa Aston, mtoto pekee wa wazazi wenye asili ya Italia. Alitamani ngoma, akapewa akodiani. Baadaye The Shadows, bendi ya Kiingereza ya gitaa, walimvuta kwenye gitaa, na gitaa lake la kwanza likawa Watkins Rapier la mashoto.

Huo umashoto ndio uliobeba uzito wa ajali. Mpiga gitaa anayetumia mkono wa kulia hubonyeza nyuzi kwa mkono wa kushoto na kuzicharaza kwa wa kulia. Kwa mashoto ni kinyume. Iommi aliumia mkono wa kulia, kidole cha kati na cha pete. Angekuwa anatumia kulia, mkono huo ungekuwa wa kushika kipigio, kazi ambayo hufanywa hasa na gumba na kidole cha shahada. Kwake yeye ndio uliokuwa mkono wa kutafuta noti.

Alikuwa na miaka 17, na siku hiyo ilikuwa ya mwisho kazini kwa sababu alishapata nafasi ya kwenda Ujerumani na bendi. Kazi yake ilikuwa kuchomelea vyuma. Mwenzake wa mashine ya bati hakufika, Iommi akawekwa kwenye mashine asiyoizoea, ikashuka juu ya vidole vyake, naye akauvuta mkono kwa nguvu. Ncha mbili zikabaki kwenye mashine. Madaktari walimwambia asahau gitaa. Msimamizi wake wa kiwandani ndiye aliyemletea sahani ya santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi ambaye moto wa mwaka 1928 ulimharibia vidole viwili vya mkono wa kushoto, naye akaendelea kupiga solo kwa viwili vilivyobaki.

Subana za plastiki na ngozi

Kitu cha kwanza alichotengeneza kilikuwa subana, kifuniko cha kidole kama kile cha fundi wa nguo, ila hiki kilipaswa kubana uzi wa chuma bila kuteleza. Aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya kuoshea vyombo, akaifinyanga iwe kibonge. Ilipopoa akaitoboa kwa chuma cha moto hadi kidole kikaingia, akaisugua kwa msasa ipate umbo la ncha ya kidole, kisha akagundisha juu yake kipande cha ngozi kutoka koti kuukuu.

Ngozi ndiyo inayofanya kazi yenyewe. Plastiki tupu juu ya chuma huteleza: ukiuvuta uzi pembeni ili kupandisha noti, unachomoka chini ya kidole. Ngozi inashika. Lakini nayo ina kipimo chake. Ikiwa nene mno, inagusa uzi wa jirani na kuuzima. Ikiwa nyembamba mno, inachakaa haraka na uzi unaanza kuuma kovu. Subana ikilegea kidogo tu, inazunguka kidoleni katikati ya wimbo.

Hata ikikaa sawasawa, kuna kitu haiwezi kurudisha. Ncha ya kidole ni kipimo cha mguso. Inakwambia uzi umeushika wapi na umeubonyeza kiasi gani. Kuvaa subana ni kama kufunga vifungo vya shati ukiwa na glovu nene: vidole vinakwenda, taarifa hazirudi. Ukibonyeza kidogo mno, uzi unanguruma juu ya freti, vile vyuma vilivyolala shingoni mwa gitaa. Ukibonyeza kupita kiasi, uzi unanyooka na noti inapanda juu ya inapotakiwa. Ilibidi sikio lifanye kazi iliyokuwa ya ngozi.

Nyuzi nyembamba, noti ileile

Hapa ndipo simulizi ya kawaida inapopotea njia, kwa sababu inadhani njia pekee ya kulainisha uzi ni kuushusha noti. Sivyo. Noti ya uzi huamuliwa na mambo matatu: urefu wake, uzito wake, na mkazo unaouvuta. Uzi wa kwanza wa gitaa ukityuniwa kawaida hutikisika mara 330 hivi kwa sekunde. Fikiria ndoo mbili zinazoning'inia mikononi mwako, moja tupu na nyingine imejaa maji, nawe unatakiwa kuzipeleka mbele na nyuma kwa mwendo uleule. Iliyojaa itakudai nguvu nyingi zaidi. Uzi ni hivyohivyo: mnene ni mzito, kwa hiyo lazima uvutwe sana ndipo utikisike mara 330, mwembamba ni mwepesi, nao unafikia idadi hiyohiyo kwa mvuto mdogo.

Unene hupimwa kwa sehemu za elfu za inchi. Seti nyingi za miaka ya 1960 zilianza na uzi wa 12 au 13. Kwenye gitaa lenye urefu wa uzi wa sentimita 62.8, kama Gibson SG, uzi wa 12 unahitaji mvuto wa kilo 10 hivi ili kutoa E. Uzi wa 8, ambao Iommi alikuja kuutumia, unatoa E ileile kwa kilo 4.5. Nguvu ya kuubonyeza uzi hadi kwenye freti hupungua kwa uwiano huohuo, kwa hiyo kidole kinafanya chini ya nusu ya kazi, na noti haijashuka hata chembe.

Seti hizo nyembamba hazikuwa rahisi kupatikana. Alichofanya ni kununua nyuzi za banjo, zilizokuwa nyembamba, akazifunga mahali pa uzi wa kwanza na wa pili, kisha nyuzi za gitaa akazisogeza kila moja nafasi ya chini yake: ile iliyokusudiwa kuwa ya kwanza ikawa ya tatu, na kuendelea. Baadaye Picato, watengenezaji wa Wales, walimtengenezea seti nyembamba kamili.

Bahati nayo ilichangia. Siku ya kurekodi albamu ya kwanza alianza na Fender Stratocaster, kinasa sauti chake, kile kifaa chini ya nyuzi kinachonasa mtikisiko wake, kikaharibika, akachukua Gibson SG. Nyuzi za Stratocaster zina urefu wa sentimita 64.8. Huo ufupi wa SG wa sentimita mbili unapunguza mkazo kwa takriban asilimia 6 kwa uzi na noti ileile.

Basi uzito ulitoka wapi mwaka 1970?

Sehemu yake kubwa ilitoka kwenye koadi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, na hasa koadi za noti mbili. Koadi kamili ya gitaa inataka vidole vitatu au vinne vikae sawasawa, na kwa subana mbili zisizohisi hilo ni gumu. Noti mbili tu, ya msingi na ya tano yake, zinawezekana kwa kidole cha shahada na cha mwisho, vyote vizima. Iommi hakuzivumbua koadi hizi. Bendi ya The Kinks ilishazitumia mwaka 1964. Ila yeye alizijengea nyimbo nzima.

Amplifaya ikisukumwa kupita uwezo wake, haikuzi tu sauti. Inakata vilele vya mawimbi, na katika kukata huko inazichanganya noti mbili na kuzaa nyingine ambazo hakuna aliyezipiga. Chukua watu wawili wanaotembea pamoja, mmoja akipiga hatua tatu kila mwenzake anapopiga mbili. Miguu yao inakanyaga pamoja mara moja tu katika kila mzunguko, na mkanyago huo wa pamoja ni wa polepole kuliko mwendo wa yeyote kati yao. Uzi wa sita hutoa E ya mitikisiko 82.4 kwa sekunde. Noti yake ya tano, B, ni 123.6 hivi. Hiyo ni mbili kwa tatu. Mkanyago wa pamoja unaangukia 41.2, na 41.2 ndiyo E ya chini kabisa ya gitaa la besi. Gitaa lililotyuniwa kawaida linaanza kunguruma oktavu nzima chini ya uzi wake mnene, kwenye noti ambayo halina uzi wa kuipiga. Weka juu yake Geezer Butler, mpiga besi wa Black Sabbath, akipiga rifu hiyohiyo, yaani kipande kilekile kinachorudiwarudiwa, kwenye besi, na uzito umeshapatikana bila kulegeza chochote.

Ukiongeza noti ya tatu ili koadi ikamilike, uwiano unakuwa wa hatua nne kwa tano, mkanyago unashuka hadi karibu 20, ambapo sikio linasikia mtikisiko badala ya noti. Isitoshe, noti ya tatu kwenye gitaa haikai kamili kwenye uwiano huo, na amplifaya inaikuza kasoro hiyo. Matokeo ni tope.

Mwaka 1971, na gharama ya kulegeza

Iommi mwenyewe amezitaja sababu zote mbili za kushusha gitaa: nyuzi zilikuwa laini zaidi kwa vidole, na sauti ilijaa zaidi. Hakuna hesabu inayoweza kuzigawa sababu hizo kwa asilimia. Linaloonekana wazi ni kwamba kulegeza kulikuja juu ya suluhisho lililokuwa likifanya kazi tayari. Wala si yeye wa kwanza kushusha gitaa. Mpiga gitaa Jimi Hendrix alishazoea kushusha nusutoni moja.

Kushusha nusutoni tatu kunapunguza mkazo kwa asilimia 29. Uzi wa 8 uliokuwa kwenye kilo 4.5 sasa uko kwenye kilo 3.2, chini ya theluthi moja ya uzi wa 12 uliotyuniwa kawaida. Lakini kuna tofauti isiyoonekana kwenye namba hizo. Uzi ukinyooshwa kidogo kwa kubonyezwa, noti hupanda kulingana na jinsi chuma kilivyokuwa kimevutwa tayari. Uzi mwembamba kwenye noti ya kawaida umevutwa sawa na mnene kwa kila sehemu ya unene wake, kwa hiyo mnyoosho uleule unaupandisha sawasawa na mnene. Uzi uliolegezwa nusutoni tatu, mnyoosho huohuo unaupandisha kwa asilimia 41 zaidi. Mkono mzito utaharibu noti ambazo juzi zilikuwa safi.

Anayetaka kujaribu ashushe hivi, kuanzia uzi mnene: C#, F#, B, E, G#, C#. Apitie nyuzi zote mara mbili, maana kila moja inayolegea inaipunguzia shingo mzigo na kupandisha nyingine kidogo. Mvuto wa jumla ukipungua kwa karibu theluthi, shingo hurudi nyuma na nyuzi huanza kunguruma kwenye freti za mwanzo. Dawa yake ni kulegeza fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo kwa robo mzunguko, kuliacha gitaa litulie usiku mmoja, kisha kupima tena. Halafu asogeze vipachiko vya darajani, pale nyuzi zinapoegemea kwenye mwili wa gitaa, nyuma kidogo, kwani noti za freti ya 12 zitakuwa zimepanda. Wengi siku hizi hukwepa usumbufu huu kwa kufunga nyuzi nene zaidi, 11 au 12, zinazorudisha mkazo. Iommi alibaki na zile nyembamba, na kuzipiga zikiwa zimelegea kiasi hicho bila noti kuyumba kunataka mguso mwepesi mno, kutoka kwa vidole viwili visivyohisi uzi.